Sabuni ya maji imekuwa nyepesi na pesa haionekani: uchambuzi wa mradi wa pembeni wa mtumishi mmoja Dodoma

Kisa hiki tumekiunganisha kutoka vipande vya visa vingi. Ni cha mfano, ila muuza malighafi yeyote wa sabuni atakuambia kila kipande chake ameshakisikia kwa mteja.

Mtumishi wa masijala, Dodoma, anatengeneza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo siku zisizo za kazi. Alianza Februari, baada ya semina ya siku moja Dar es Salaam iliyompa karatasi ya vipimo. Sabuni ya miezi ya kwanza ilisifiwa. Kufika Septemba malalamiko yakawa matatu. Wenye maduka wanasema imekuwa maji. Mama ntilie wanasema inakula mikono. Wateja wawili wa madumu wamerudisha dumu wakisema inanuka kama yai viza. Kibaya zaidi, kwa hesabu zake kichwani mradi unaingiza zaidi ya shilingi 150,000 kwa mwezi, lakini kila Ijumaa anachomoa kwenye mshahara kununua malighafi.

Yeye amekwisha kutoa hukumu: salfoniki, yaani ile malighafi kuu inayosafisha, imechakachuliwa. Ndilo jibu la kwanza la kila anayetengeneza sabuni, na mara moja moja huwa kweli. Hapa si kweli, na namna ya kulijua hilo tutaionyesha, maana kipimo chake ni cha bei ya karatasi.

Vipimo vya semina

Karatasi yake inasema hivi kwa lita 20: salfoniki kilo 1, slesi (ya kuongeza povu) nusu kilo, CDE (ya kukaza sabuni na kushikilia povu) robo kilo, soda eshi (sodiamu kaboneti) robo kilo, chumvi ya mezani nusu kilo, manukato mililita 40, rangi kidogo, na dawa ya kuzuia kuoza "kifuniko kimoja". Ni vipimo vilivyonakiliwa mara nyingi kiasi kwamba hakuna anayejua vimeanzia wapi. Salfoniki, slesi na CDE viko sawa: ukijumlisha kinachosafisha, unapata takriban asilimia 8 ya sabuni nzima, kiwango cha kawaida kwa sabuni ya bei nafuu. Tatizo liko kwenye vitu viwili vya bei ndogo kuliko vyote, yaani soda na chumvi.

Salfoniki ni asidi. Haiwi sabuni mpaka asidi hiyo izimwe kwa soda. Salfoniki inayouzwa huwa na nguvu ya asilimia 96 hivi, na kilo moja ya namna hiyo inazimwa na soda eshi gramu 160 tu, au kostiki (sodiamu haidroksaidi, soda kali zaidi) gramu 125 kama ndiyo unayotumia. Robo kilo ni gramu 250. Kwa hiyo kila ndoo ya lita 20 inabaki na gramu 90 za soda isiyo na kazi, na pH (kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni ukali wa soda) inapanda hadi 10 au zaidi. Aliyetunga kipimo hicho pengine alitaka tu kujihakikishia kwamba asidi haibaki. Lakini mama ntilie mikono yake iko kwenye beseni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Soda inamtoa mafuta ya ngozi, vidole vinapasuka kwenye maungio, na akipiga pilipili jioni anaijua sabuni yako kwa jina. Lalamiko la pili limepata chanzo chake hapo, na halihusiani na ubora wa malighafi hata chembe.

Soda hiyo hiyo ndiyo kipimo cha uchakachuaji. Pima gramu 160, iyeyushe, iongeze kidogo kidogo kwenye kilo moja ya salfoniki huku ukipima kwa karatasi za pH. Salfoniki ikifika pH 7 ukiwa umetumia gramu 150 hadi 160, ni nzima. Ikifika na gramu 120 tu, umeuziwa salfoniki ya robo tatu, robo iliyobaki ni maji. Ya huyu mtumishi ilipopimwa hivyo ilitumia gramu 155. Muuzaji wake hana kosa.

Februari na Septemba

Swali la kuvutia zaidi ni hili: vipimo havijabadilika, mbona Februari sabuni ilikuwa nzito?

Jibu la kwanza ni maji. Dodoma mvua ni kati ya Desemba na Aprili. Februari alikuwa anakinga maji ya bati kwenye simtanki. Mvua ilipokata akahamia maji ya bomba, na maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Anayeishi Dodoma anajua birika lake linavyoota ukoko mweupe. Ukoko huo ni chokaa, na chokaa haipatani na sabuni hii kwa njia mbili. Inashikana na sehemu ya salfoniki iliyokwisha kuzimwa na kuipunguzia povu. Tena inakutana na ile soda ya ziada na kutengeneza unga mweupe unaoelea, kisha unatuama. Ndiyo maana sabuni ya Septemba ina ukungu na chini ya chupa kuna tope jeupe baada ya siku nne. Ukitaka uhakika, chuja tope hilo, lisuuze vizuri kwa maji safi, lidondoshee ndimu. Likichemka vipovu, ni chokaa.

Jibu la pili ni chumvi, na hapa ndipo watengenezaji wengi wanapopotea.

Chumvi inaifanya sabuni iwe nzito, hilo kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni kwamba kuna kilele. Unaongeza chumvi, sabuni inazidi kukaza, inafika mahali pake pa juu kabisa. Ukiongeza gramu chache zaidi, inaanza kulegea, na ukiendelea inarudi kuwa maji kama ulivyoanza. Kwa macho, sabuni isiyofika kileleni na iliyovuka kilele zinafanana. Mtu anaona sabuni nyepesi, anaongeza chumvi, inazidi kuwa nyepesi, anaongeza tena. Mfuko wa chumvi unaisha, na fundi analaani salfoniki.

Si chumvi ya mezani pekee inayohesabiwa kwenye mteremko huo. Soda ya ziada nayo imo. Madini ya maji ya kisima nayo yamo. Nusu kilo ya chumvi pamoja na gramu 90 za soda tayari vilikuwa vimeisogeza ndoo hii karibu na ukingo. Kwa maji ya mvua ilibaki upande salama, kwa maji ya bomba ikasukumwa. Maji peke yake yasingeiangusha. Kisha likaja joto: sabuni ya namna hii hulegea kadiri hewa inavyopata joto, na Septemba na Oktoba mchana wa Dodoma si wa mzaha. Chupa iliyojazwa usiku ikiwa nzito inafika dukani saa nane mchana ikiwa imelainika. Mtumishi alipoambiwa na duka la kwanza kwamba sabuni ni maji, wiki iliyofuata akaongeza chumvi gramu 200. Baada ya hapo hakukuwa na mjadala tena.

Mwenye duka, tukumbuke, hapimi usafi. Anaichukua chupa, anaipindua kichwa chini, anatazama povu la hewa linavyopanda. Likipanda polepole anaweka oda. Likiruka juu mara moja anakurudishia chupa. Mama ntilie ana kipimo kingine kabisa: anatia tone kwenye sinia lililolala na mafuta ya maharage, anaona kama linakata. Sabuni inaweza kufaulu kwa huyu na kufeli kwa yule, na kujua unamtengenezea nani kunapunguza nusu ya maumivu ya kichwa.

Harufu

Lalamiko la tatu limetoka kwenye madumu tu, si kwenye chupa. Hiyo ni dalili nzuri, maana inatuambia ndoo yenyewe haikuoza.

Mteja wa dumu la lita 5 akifika robo ya mwisho anaongeza maji ili imfikishe mwisho wa wiki. Kila mtu anafanya hivyo, na huwezi kumkataza. Lakini dawa ya kuzuia kuoza iliyowekwa kwa sabuni kamili sasa imegawanyika kwenye maji mengi, na maji hayo yametoka kwenye pipa lenye kata linaloingizwa mikono siku nzima. Ndani ya siku chache ukuta wa dumu unaota utelezi. Dumu linarudi, linasuuzwa kwa maji ya bomba mara moja, linajazwa sabuni mpya juu ya utelezi ule ule. Wiki mbili baadaye, yai viza.

Dawa ya kiwanda cha uani huwa fomalini, inayomiminwa kwa kukadiria. Hatuishauri. Ni kemikali inayojulikana kusababisha saratani, mvuke wake unamfikia kwanza anayekoroga, na sabuni hii inakwenda kwenye vyombo vya chakula. Sodiamu benzoeti, ambayo wauzaji wengine huipendekeza kwa sababu inatumika kwenye juisi, haifai hapa: inafanya kazi kwenye vitu vyenye uchachu, na sabuni ya pH 7 au 8 si mahali pake. Kinachofaa ni dawa ya jamii ya aisothiazolinoni, ile inayouzwa ikiwa na nguvu ya asilimia 1.5. Mililita 20 kwa lita 20 ndiyo juu kabisa. Kuzidisha kunaleta mzio wa ngozi. Nayo ina sharti lake: pH ikiwa juu ya 8 na nusu inaanza kuvunjika. Kwa maneno mengine, soda ya robo kilo ilikuwa inaiua hata dawa, hivyo mteja alipoongeza maji hakukuwa na kitu cha kumlinda.

Dumu lililorudi lioshwe kwa maji ya moto na brashi ya chupa, lisuuzwe kwa maji yenye jiki (vijiko viwili vya chakula kwa lita 5, dakika 10), lisuuzwe tena mara mbili, kisha lipinduliwe juu ya waya likauke usiku mzima. Jiki iliyobaki inafuta rangi na kuharibu manukato, kwa hiyo suuza kweli. Na dumu lililobeba salfoniki lisiguswe na jiki kabisa: asidi na jiki vikikutana hutoa gesi ya klorini, na chumba kidogo hakina pa kukimbilia.

Ndoo moja, ikifanywa upya

Hivi ndivyo lita 20 zingetengenezwa kwa maji ya Dodoma. Kazi inaanza Ijumaa jioni na kumalizika Jumapili, lakini mikono inashughulika kwa saa chache tu.

Maji kwanza. Ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa ni bora. Yakikosekana, nunua maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa dumu; hata yakikugharimu shilingi 2,000 kwa lita 20, umeongeza shilingi 100 tu kwa lita ya sabuni. Wanaong'ang'ania bomba wayeyushe EDTA gramu 20 hadi 30 kwenye maji kabla ya kitu kingine chochote, ishikane na chokaa mapema. Kuchemsha kunasaidia nusu tu.

Tumia chombo cha plastiki cha lita 40 au zaidi, kwa sababu soda eshi ikikutana na asidi inatoa gesi na povu linapanda kama maziwa. Sufuria ya alumini isikaribie kazi hii, hasa kwa wanaotumia kostiki: kostiki inaila alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Glovu ndefu za mpira, miwani, mlango wazi, watoto mbali. Kostiki inatiwa kwenye maji. Maji hayamiminwi juu ya kostiki, kwa sababu huchemka ghafla na kurukia usoni.

Weka maji lita 10. Mimina salfoniki kilo 1 polepole ukikoroga kwa mwiko wa mbao. Pembeni uwe umeyeyusha soda eshi gramu 160 kwenye lita 2 za maji ya uvuguvugu. Soda eshi, si magadi ya kupikia maharage, ambayo yana uchafu na chumvi usizoweza kuzihesabu. Ongeza maji ya soda kikombe kimoja kimoja, subiri povu lishuke, endelea. Ukibakiza kikombe cha mwisho, simama, pima pH. Subiri nusu saa, pima tena, maana gesi iliyonaswa ndani hudanganya karatasi na kuonyesha uchachu zaidi ya uhalisia. Unatafuta 7. Ukifika 7 soda ikiwa bado kikombeni, iache humo kikombeni.

Sasa slesi nusu kilo. Hii ni kama grisi nyeupe, na ukiipiga kwa nguvu unapata mapovu juu na mabonge chini. Ikate vipande, itose, funika, nenda ukalale. Asubuhi itakuwa imejiyeyusha yenyewe. Koroga taratibu kidogo tu. Kuna wanaochanganya slesi na salfoniki kavu kavu mpaka ziwe nyeupe, ndipo wanatia maji. Inawezekana, lakini mchanganyiko huo usilale: slesi ikikaa ndani ya asidi inavunjika.

Ongeza CDE gramu 250. Yenyewe inapandisha pH kidogo, ndiyo maana tulisimama kwenye 7. Sasa inatakiwa isome kati ya 7 na 8. Tia maji mpaka alama ya lita 18. Tia manukato, rangi iliyoyeyushwa, na dawa ya kuzuia kuoza mililita 20. Manukato yatangulie chumvi, kwa sababu mafuta mengine hulegeza sabuni na mengine huikaza, na ukiyatia mwisho yanakuvurugia ulichokwisha kupanga.

Chumvi ndiyo hatua ya kukaa nayo. Yeyusha gramu 100 kwenye maji mpaka ujazo ufike nusu lita. Utahitaji nusu lita tatu au nne za namna hii. Nunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, tupa sindano yake. Chota sabuni mililita 180 kwenye glasi: hiyo ni sehemu moja ya mia ya ndoo yako. Tia bomba moja la maji ya chumvi, yaani gramu 1 ya chumvi. Koroga taratibu, subiri dakika tatu, inua kijiko, tazama uzi unaoshuka. Bomba moja kwenye glasi ni sawa na nusu lita kwenye ndoo. Endelea kwa nusu bomba, ukiandika. Uzi utakuwa mnene, mnene zaidi, kisha ghafla utakatika na kudondoka matone. Umevuka kilele ndani ya glasi, na umepoteza sabuni ya shilingi 150. Kama kilele kilikuwa bomba 3, tumia 2 au 2 na nusu kwenye ndoo, usitafute kilele chenyewe. Nafasi hiyo unayoiacha ni ya joto la mchana na ya ndoo yenye maji tofauti kidogo. Kisha jaza maji hadi lita 20.

Fanya jaribio hilo mchana wa joto, si alfajiri. Na urudie kila unaponunua manukato mapya au slesi ya duka jingine. Idadi ya gramu ya mwenzako haina maana kwenye ndoo yako. Funika, acha povu litulie mpaka Jumapili, pakia.

Ndoo zilizoharibika

Usizimwage. Ndoo ya zamani ina soda ya ziada gramu 90 na chumvi nyingi; vyote viwili vinatibika kwa salfoniki na maji. Soda gramu 90 inahitaji salfoniki gramu 560 kuizima. Kwa hiyo kwenye lita 20 za zamani ongeza salfoniki kidogo kidogo, ukipima pH, ukiishia 7 hadi 8 (huenda ikawa pungufu ya gramu 560), kisha ongeza maji laini yasiyo na chumvi, lita moja moja, ukitazama uzi. Sabuni iliyovuka kilele ikizimuliwa hivyo inarudi kukaza, jambo linalomshangaza kila anayeliona mara ya kwanza. Utafika karibu na lita 30, nguvu yake ikiwa asilimia 7 hivi, kwa gharama ya shilingi 3,400 hivi za salfoniki. Kama mtu aliongeza chumvi gramu 200 za hasira, atahitaji pia slesi kidogo. Anza na lita moja pembeni kabla ya kugusa ndoo nzima.

Ukungu wa chokaa hautaisha wote. Iuze kama sabuni ya vyoo na sakafu, si ya dukani. Ile iliyonuka ndiyo pekee ya kumwaga.

Pesa iko wapi

Bei tunazotumia ni za kisa hiki. Msomaji aweke za mji wake. Malighafi za lita 20 ni shilingi 16,600, yaani 830 kwa lita. Kila wiki anatengeneza lita 40: nusu anaijaza kwenye chupa 40 za nusu lita anazouzia maduka kwa 1,000, nusu kwenye madumu manne ya lita 5 kwa 8,000.

Kwa mwezi: chupa 160 ni 160,000, madumu 16 ni 128,000, jumla 288,000. Malighafi za ndoo nane ni 132,800. Yeye anaishia hapo na kuona faida ya 155,200. Tuendelee pale alipoachia. Chupa yenye kifuniko ni 350 na lebo 100. Kwa chupa 160 ni 72,000. Madumu mapya 16 kwa 1,200 ni 19,200. Bodaboda kuzungusha mzigo madukani na kwa wateja, 8,000 kila wiki, ni 32,000. Zimebaki 32,000. Na kwenye daftari la madeni, maduka yanayochukua mali kauli hayajamlipa shilingi 84,000. Ndiyo maana anachomoa mshahara: mradi umemkopesha mwenye duka, na mtumishi ameukopesha mradi.

Tazama chupa moja peke yake. Sabuni iliyo ndani ni shilingi 415. Chupa na lebo ni 450. Anayenunua anatupa kilicho ghali zaidi. Hii ndiyo hoja yetu kuu kwa mradi wa ukubwa huu: faida haimo kwenye sabuni, imo kwenye chombo kinachorudi.

Tumwondoe dukani kabisa. Lita 40 zile zile, madumu manane kila wiki, kwa mama ntilie wa Majengo na Sabasaba, gesti mbili tatu na mtu wa kuosha magari, waliokaa maeneo mawili tu ili bodaboda iwe 4,000. Mauzo ya mwezi 256,000, pungufu kwa 32,000. Malighafi pamoja na maji yaliyosafishwa 148,800. Bodaboda 16,000. Tukubali kwamba dumu moja kati ya manne litapotea: manane kwa mwezi, 9,600. Zinabaki 81,600, tena taslimu. Ameuza pungufu akabakiwa na mara mbili na nusu. Mtaji wa kuanzia ni madumu 20 ya mzunguko, shilingi 24,000.

Mzunguko una kanuni moja: dumu tupu kwa dumu lililojaa. Mteja mpya anaweka amana ya 1,500 inayorudishwa akiacha kununua. Andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kila dumu, na kwenye daftari namba, mteja, tarehe. Namba hiyo inakusaidia siku harufu ikirudi: utajua kama ni ndoo nzima au dumu la mtu mmoja.

Mama ntilie atakuomba alipe kesho. Akiwa anapika kila siku, mpe siku tatu, si mwisho wa mwezi, na dumu la pili lisitoke kabla la kwanza halijalipwa. Gesti hupenda kulipa mwisho wa mwezi, ziwe chache. Ofisini kwake mwenyewe asiuze, hata kwa jina la ndugu: mtumishi wa umma anayeihudumia ofisi yake kwa biashara yake anajitafutia mashitaka ya mgongano wa maslahi kwa ajili ya madumu mawili.

Karatasi za serikali tuzipitie haraka. Sabuni inayopangwa dukani ikiwa na lebo inahitaji alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na njia ya kawaida ya mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Malighafi zinunuliwe kwa muuzaji anayetambuliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa kuwa salfoniki na kostiki ziko chini ya sheria ya kemikali ya 2003. Kuhamia madumu hakumwondolei mtu wajibu huo, ila kunampa muda wa kutulia kabla ya kulipia lebo elfu moja zenye vipimo ambavyo bado anavibadilisha.

Chupa za maji ya kunywa zilizookotwa zisitumike hata kwa wateja wa madumu wanaoomba "kidogo cha nyumbani". Sabuni ya kijani au ya chungwa ndani ya chupa ya soda ni juisi machoni pa mtoto wa miaka mitatu.

Kwa kila ndoo aweke pembeni glasi moja ya sabuni kwenye kichupa chenye tarehe, gramu za soda, mabomba ya chumvi na pH, kikae juani dirishani kwa wiki nane. Lalamiko likija, kichupa kikiwa kizuri tatizo liko kwenye dumu au kwa mteja. Kikiwa kimelegea au kimenuka, ndoo yote ya tarehe hiyo irudishwe kabla mteja wa pili hajapiga simu.